Mzunguko wa Ng'ombe

Ilianza siku ya Jumatano, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu niliziandika papo hapo, kwa kalamu ya wino iliyovuja, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa mbele wa jikoni ya Tata Nyambura, na doa la wino huo liko kwenye ukurasa mpaka leo. Daftari lenyewe ni la shule, na jalada lake la buluu limegeuka rangi ya majivu. Mwezi uliopita, niliporudi kutoka kumzika Kapteni Ndirangu kule Tetu, nililitoa chini ya sanduku nikalisoma lote kabla sijavua viatu. Nilikuwa na hasira. Pale mazishini, msemaji baada ya msemaji alishika kipaza sauti akasema ati marehemu alirusha ndege maisha yake yote bila kukosea hata mara moja, na watu chini ya hema wakaitikia amina. Mimi, mwanamke wa umri huu, mwenye fimbo na dawa ya presha ndani ya mkoba, nilinyamaza vile nilivyokuwa nikinyamaza nikiwa na miaka kumi na mitano. Alikosea. Nilikuwepo. Na kama hakukosea, basi sijui nilimstahi kwa nini miaka yote hii.

Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Pili. Uhuru ulikuwa bado mpya, watu walikuwa bado wanautaja kama jina la mtoto aliyezaliwa juzi. Shule haikuwa na kitanda changu, kwa hiyo nililala kwa Tata Nyambura, dada ya baba, aliyekuwa na jikoni ya chai kando ya kiwanja cha ndege, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye meza nne, na nyuma yake stoo ya viazi, ndimo nilimolala. Mabati yalikuwa yameungua na kuwa meusi juu ya jiko, na asubuhi ya baridi yalidondosha matone ya umande mweusi ndani ya unga usipofunika. Lakini dirisha la mbele lilikuwa na kioo kizima, na kupitia kioo hicho uliona kiwanja chote: udongo mwekundu ulioshindiliwa, nyasi zilizokatwa na mbuzi, upande wa mashariki paa la kiwanda cha mbao na moshi wake, upande wa magharibi mikaratusi, na nyuma ya mikaratusi, milima ya Nyandarua, ambako ukungu ulikuwa unalala ukingoja zamu yake. Asubuhi nyingine Mlima wa Kirinyaga ulijitokeza wote, barafu na miamba, mkubwa kiasi kwamba niliona haya kuutazama nikiwa na ufagio mkononi.

Ndege ya abiria ilikuja mara moja kwa wiki, Jumatano, kutoka Nairobi. Ilikuwa na injini mbili na viti vinane. Na kwa sababu ua wa kiwanja ulikuwa na mashimo na majani ya ndani yalikuwa mazuri kuliko ya nje, kila Jumatano kulikuwa na ng'ombe kiwanjani. Hivyo kulikuwa na desturi. Ndege ilipita kwanza chini chini, kwa kelele, ikazunguka kuelekea mjini na kurudi. Wakati huo Mzee Gathogo, mlinzi wa kiwanja, alikuwa juu ya baiskeli yake akiwafukuza ng'ombe kwa matusi ambayo Tata alinikataza kuyaandika. Wakishatoka, aliinua bendera nyeupe, na ndege ikashuka. Watu wote waliuita mzunguko wa ng'ombe. Watoto waliuchezea shuleni. Hakuna aliyejua kwamba kwingine duniani ndege inaweza kuacha kutua kwa sababu nyingine yoyote.

Jumatano hiyo ng'ombe walitoka, bendera ikapanda, na rubani mpya, ambaye tulikuwa tumesikia habari zake wiki nzima, akaja kutoka mashariki. Alikuwa kijana wa huku kwetu, mtoto wa Tetu, aliyesomea ng'ambo, na watu karibu hamsini walikuwa wamekuja kumwona akitua mara ya kwanza nyumbani. Wanawake walikuwa na ngemi, vigelegele vyetu, tayari kooni. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka, mwembamba, kama moshi wa mtu anayevuta sigara kando yako. Ndege ikapita juu ya kiwanda cha mbao, ikashuka, ikashuka, tukaona magurudumu, na ghafla injini zikanguruma, pua ikainuka, ikatupita vichwani na kupotea. Tukatazama kiwanja. Hakukuwa na ng'ombe. Akarudi, akashuka tena, akainuka tena. Mara ya tatu hakurudi. Tulisikia sauti yake ikienda Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ambako kulikuwa na jua.

Abiria walifika jioni kwa lori, wamepauka kwa vumbi. Mmoja alikuwa diwani aliyetakiwa kuongoza harambee ya zahanati saa kumi, na harambee ilikuwa imeshakwisha bila yeye. Alisimama mlangoni kwa Tata akipangusa kofia. "Tulikuwa tumefika!" alisema. "Mimi naona chini, naona nyasi, naona hata huyu mama na sufuria yake. Ati anainuka! Kwani kulikuwa na ng'ombe?"

"Ng'ombe walikuwa wametoka," akasema Mzee Gathogo. "Mimi niliinua bendera."

"Basi ng'ombe ilikuwa kwa roho yake," diwani akasema, na jikoni nzima ikacheka. Usiku huo mimi niliandika, na ninanakili kama ilivyo: *Rubani wetu ameogopa. Mara mbili. Ni aibu kwa sababu ni mtu wetu.*

Neno lile lilikimbia kuliko lori. Jumatano iliyofuata anga lilikuwa safi, Kapteni Ndirangu akatua vizuri kama kuku anayekaa juu ya mayai, lakini alipokuwa akivuka nyasi kuja kunywa chai mtu alipiga kelele kutoka uani, "Kapteni! Ng'ombe ya leo iko wapi?" Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imeinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alimpungia yule mtu mkono, akaingia, akakaa kwenye meza ya pembeni chini ya dirisha. Tata alimwekea githeri ya mahindi na maharagwe, na parachichi nzima kando, bila kumuuliza. "Kula, baba," alimwambia. "Wanaocheka hawajui hata kushuka ngazi."

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikiandika. Nilikuwa na tabia hiyo. Sikuweza kusema mbele ya watu, hata shuleni mwalimu aliponiita jina nilisimama nikakauka, lakini niliandika kila kitu na saa yake, kama karani. Kapteni akaniona. Aliuliza, "Wewe msichana unaandika nini kila nikitazama?" Nikakauka. Tata, ambaye hakujua siri ni nini, akasema, "Huyo Wambui? Anaandika ndege yako. Dakika na dakika." Kapteni akanyoosha mkono. Ningeweza kufa. Nikampa.

Alisoma akitafuna. Niliona jicho lake linafika kwenye ukurasa wa wiki iliyopita na linasimama. Alisoma kwa sauti, si kwa kukejeli, kama mtu anayesoma barua ya kwao: "Rubani wetu ameogopa. Mara mbili." Kisha akaniangalia. "Umeandika kweli. Niliogopa. Lakini si woga ulioniinua."

Nilikuwa natazama vidole vyangu vyenye wino.

"Unaona lile paa la kiwanda? Nikipita juu ya lile paa, najiuliza swali moja tu. Naona mawe meupe? Yale ya mwanzo wa kiwanja. Nikiyaona, nashuka. Nisipoyaona, napanda. Sijiulizi la pili. Kama nitaanza kubishana na roho yangu pale juu, ati labda nitayaona mbele kidogo, ati diwani ana harambee, tayari nimechelewa. Ndege haisimami kando ya barabara ufikirie." Akapiga meza kwa kijiko. "Uamuzi siufanyii huko. Naufanya hapa chini, nikiwa na githeri mdomoni. Huko juu natii tu."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini sijui kama kuna lililoniingia kama lile la kijiko. Mimi nilikuwa nimedhani ushujaa ni jambo la pale pale, moto unaowaka mtu akiona hatari. Kumbe mtu anaweza kuketi, akamwekea nafsi yake ya kesho amri, na nafsi ile ikatii mbele ya watu hamsini wenye ngemi kooni. Usiku ule nililala juu ya magunia ya viazi nikiwaza juu ya jambo hilo kama nilivyokuwa nikiutazama mlima. Nilifuta neno *aibu*. Neno *ameogopa* nililiacha, kwa kuwa yeye mwenyewe alilikubali.

Tangu siku ile daftari langu lilipata kazi. Soksi ya upepo ya kiwanja, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, ilikuwa imeraruka na hakuna aliyeleta nyingine, kwa hiyo Kapteni aliniomba niandike moshi wa kiwanda unalala upande gani kila Jumatano, na ukungu umefika wapi: mikaratusi, ua, au mlangoni. Alisoma kurasa zangu akinywa chai, akiuliza maswali mafupi. "Saa tisa na nusu moshi ulisimama wima? Na dakika kumi baadaye ukalala? Basi ndiyo ile ilinisukuma." Alinieleza kwamba hewa yetu ya juu ni nyepesi, kwamba ndege hukimbia zaidi huku kuliko pwani hata kama rubani anaona ni mwendo ule ule, na kwamba moshi ukilala kuelekea kiwanjani, upepo uko mgongoni mwake na kiwanja kinakuwa kifupi. Kifupi vipi, niliuliza siku moja, na Tata akaacha kukoroga kwa kusikia sauti yangu. "Udongo ni ule ule," Kapteni akasema. "Ni wewe unaufikia umechelewa."

Na nilipata kazi nyingine, ya mawe. Yalikuwa ishirini na manne, kumi na mawili kila upande, kila moja ukubwa wa mtungi. Mvua ikinyesha udongo mwekundu uliyarukia mpaka yakawa kama viazi vilivyotoka kuchimbwa. Kuyaosha na kuyapaka chokaa ilikuwa kazi ya Mzee Gathogo, lakini magoti yake yalikuwa yameharibika tangu siku za kizuizini, na kupiga magoti mara ishirini na nne kulimtoa machozi. Kwa hiyo kila Jumanne baada ya shule nilikwenda na karai, brashi na mfuko wa chokaa. Yeye alikaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akinisimamia. "Osha upande wa juu, mtoto wangu. Huo mwingine ni wa panya." Aliniita mkono wake. Hakuna mtu ofisini Nairobi aliyejua. Kwao mawe yalikuwa ya Gathogo, na nyumba ya chumba kimoja aliyolala na mke wake ilikuwa ya kazi ile.

Mwezi wa nne mvua ilikuja kwa nguvu. Utani nao haukwisha, ulikomaa. Kwenye arusi moja ya Karatina, msema chochote alimwita Ndirangu mbele ya wageni "Kapteni wa ng'ombe," na mama yake alikuwa ameketi pale. Kapteni alimsimulia Tata akicheka, lakini githeri aliiacha nusu. "Mama hakuniambia kitu," alisema. "Njia nzima ya kurudi hakuniambia kitu." Mimi nilikuwa na utani wangu pia. Wasichana wa darasani walikuwa wamenipa jina Mama Mawe, baada ya mmoja kuniona nimepiga magoti kiwanjani, sketi ya shule imejaa chokaa. Walikuwa wakinipisha mlangoni: "Mpisheni Mama Mawe, asiwapake!" Inanishangaza sasa kwamba kitu kidogo hivyo kiliweza kuniuma hivyo. Lakini kiliniuma.

Jumanne moja, baada ya siku tatu za mvua, nilifika kwenye mawe na karai langu nikaona kwaya ya shule inakuja barabarani, karibu yote, wanatoka mazoezi ya kanisani. Nilisikia vicheko vyao kabla hawajaniona. Nikaficha karai na brashi ndani ya nyasi, nikasimama kando ya njia nikijifanya ninafunga kamba ya kiatu. Wakapita. Nilingoja kidogo, mvua ikaanza tena, nikaenda nyumbani. Gathogo, niliyemwita Guka, yaani babu, alikuwa na homa siku ile, alikuwa amelala. Nilipompitia dirishani aliuliza, "Umemaliza, mkono wangu?" Nikasema ndiyo. Usiku niliandika: *Leo sikuosha mawe. Niliogopa kwaya. Nimemdanganya Guka.* Daftarini nilikuwa mkweli sana. Ni mdomoni tu palipokuwa na shida.

Kesho yake mvua ilisimama, lakini hewa ilikuwa na utando, si ukungu kamili, kitu kama maziwa yaliyotiwa maji. Gathogo alijikokota nje na baiskeli. Nilisimama mlangoni na daftari. Ndege ikafanya mzunguko wa ng'ombe, ng'ombe wawili wakatoka, bendera ikapanda. Nikaangalia moshi: ulikuwa umelala, unaelekea kiwanjani. Nikaandika. Ndege ikatokea juu ya paa la kiwanda na mara nikajua, kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa nimeitazama ikipita pale na macho yangu yalikuwa yameshika urefu wake kama yanavyoshika urefu wa mlango. Ilikuwa juu mno. Nikasema ndani ya moyo: panda. Haikupanda. Ikaja, ikashuka kwa haraka, ikapita mawe yangu mekundu, ikaelea, ikaelea, kana kwamba udongo unaikataa, na ilipogusa ilikuwa imepita nusu ya kiwanja. Matope yaliruka kila upande. Nilisikia breki, kisha sikuzisikia tena. Ilipita ua kana kwamba ua ni uzi, ikaingia shamba la viazi, bawa moja likakamatwa na mkaratusi, ikageuka, ikasimama ikitazama ilikotoka.

Kisha sauti za watu. Tata akakimbia na sufuria mkononi, sijui kwa nini sufuria. Hakufa mtu. Nasema hilo upesi kwa sababu mimi mwenyewe nililijua kwa kuchelewa, na dakika zile sitazisahau. Bwana Ramji, mwenye duka la vitambaa mjini, alivunjika mfupa wa bega. Wengine walikuwa na mikwaruzo. Kapteni alitoka wa mwisho, paji la uso limepasuka, akaanza kuhesabu abiria kwa kidole, akahesabu tena, akahesabu mara ya tatu, kisha akaketi kwenye tuta la viazi.

Watu wa kuchunguza walikuja Jumatatu kutoka Nairobi. Kwa kuwa kiwanja hakikuwa na ofisi, walifanya baraza lao kwa Tata. Meza mbili ziliunganishwa. Kulikuwa na mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini, karani wake, na meneja wa kampuni ya ndege, ambaye koti lake lilikuwa zuri sana kwa benchi lile. Kapteni alikaa mkabala nao, kichwa kimefungwa bandeji. Mzee Gathogo alisimama karibu na mlango na kofia mkononi. Mimi nilikuwa stooni, juu ya magunia, na kati yangu na wao kulikuwa na ubao mmoja tu.

Meneja ndiye aliyeongea zaidi. Alikuwa ametembea kiwanjani akaona. "Bwana mkaguzi, jambo liko wazi. Alama za kutua zilikuwa na matope. Haziwezi kuonekana. Rubani amezoea kutumia alama. Huyu mzee analipwa kwa kazi moja, na hakuifanya. Tumeshaandaa barua yake."

"Barua ya nini?" Gathogo akauliza.

"Ya kuondoka, mzee."

"Na nyumba?"

Meneja akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akauliza polepole, "Mzee, mawe yaliwahi kuoshwa wiki ile?"

Nilisubiri. Kupitia ufa wa ubao niliona magoti yake tu, yale magoti. Alijua. Kufikia Jumatano jioni alikuwa ameshayaona mawe na kujua nilimdanganya, na siku tano nzima hakuwa amenisemesha neno juu yake. Akasema, "Mawe ni yangu. Kama iko na matope, ni mimi sikuosha."

"Na wewe, Kapteni?" mkaguzi akauliza. "Una la kuongeza?"

Hakusema kitu. Mpaka leo nakumbuka urefu wa kimya kile. Nilisikia githeri ikichemka. Nilisikia Tata akiacha kusugua kikombe. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana, na kilichotakiwa ni anyamaze tu, Gathogo apoteze nyumba na yeye arudi angani. Sikumlaumu. Nilikuwa nafanya lile lile, umbali wa ubao mmoja.

Sijui niliinukaje. Nakumbuka viazi vikibingirika. Nilikuwa mbele yao, daftari limebanwa kifuani, na watu wote wakinitazama, na mdomo wangu ukakauka kama kawaida, na nikasema, "Ni mimi."

"Huyu ni nani?" meneja akauliza.

"Ni mtoto wangu," Tata akasema. "Mwacheni aongee. Haongeagi."

Nikafungua ukurasa nikasoma, kwa sababu kusoma niliweza: leo sikuosha mawe, niliogopa kwaya, nimemdanganya Guka. Nikasema Guka ni mgonjwa wa magoti na mawe huwa nayaosha mimi. Karani aliinua kalamu bila kujua aandike nini. Gathogo akasema kwa Kikuyu, chini chini, "Mtoto wangu, nani amekuuliza?"

Ndipo Kapteni Ndirangu alipogeuka. Uso wake ulikuwa mweupe kwa bandeji na mweusi chini ya macho. "Wambui," alisema. "Soma ya Jumatano."

Nilijua ya Jumatano inasema nini. Nikamtazama, nikitumaini atanikataza. Akaitikia kwa kichwa: soma. Nikasoma: "Saa tisa na dakika hamsini na nane. Ng'ombe wawili, wametoka. Moshi umelala kuelekea kiwanjani. Ndege iko juu ya kiwanda. Iko juu sana. Haikupanda."

"Asante," akasema. Kisha akamgeukia mkaguzi. "Andika hivyo hivyo. Nilipita paa la kiwanda nikajiuliza kama naona mawe. Sikuyaona. Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana. Haijalishi yamefichwa na ukungu, au matope, au msichana anaogopa kwaya. Jiwe ambalo sioni limeshaniambia panda. Hao wawili hawana kosa langu. Mawe machafu yalifanya kazi yake sawa na masafi. Mimi ndiye sikutii."

"Kwa nini hukupanda?" mkaguzi akauliza.

"Nilisikia watu wakinicheka."

"Ndani ya ndege?"

"Hapana. Chini. Wale ambao wangenicheka nikipanda."

Hakuna aliyecheka. Meneja alikunja barua yake ndani ya koti. Mkaguzi alivua miwani akaipangusa muda mrefu, kisha akamwomba Tata chai, ya watu wote, na ya yule msichana pia. Kapteni alinyang'anywa leseni kwa miezi mingi. Alirudi kurusha, akarusha mpaka mvi, na kila alipokutana nami, hata tulipokuwa wazee, aliniuliza moshi umelala wapi. Alipokuwa akiwafundisha marubani wadogo, binti yake aliniambia pale kaburini, somo la kwanza lilikuwa kosa lake mwenyewe, na shamba la viazi alilichora ubaoni. Hilo ndilo walilopaswa kulisema kwenye kipaza sauti. Jumatatu ile nilimwona mtu akiwa na kila sababu ya kuendelea kushuka, na kwa mara moja, amechelewa, mbele ya watu, akapanda.

Gathogo alibaki na nyumba yake. Jioni alikuja stooni, akakaa juu ya gunia karibu nami, magoti yakilia kama bawaba, na tukakaa hivyo mpaka Tata akatufukuza tukale.

Asubuhi yake, Jumanne, sikungoja jioni. Niliamka kabla ya jua, mlima ukiwa bado ni kivuli, nikachukua karai kutoka ndani ya nyasi nilikokuwa nimelificha wiki nzima. Brashi ilikuwa imeoza kidogo. Nikapiga magoti kwenye jiwe la kwanza, nikaosha upande wa juu, kisha, kwa kuwa nilikuwa na muda, na ule wa panya. Nilikuwa kwenye jiwe la tisa wakati wasichana walipoanza kupita kwenda shule, na mmoja akaita kutoka barabarani, "Mama Mawe!" Nilikuwa na chokaa mpaka viwikoni. Nikasimama wima ili wanione vizuri, nikawapungia brashi, nikarudi chini kwenye la kumi.